Gari Lililokula Ng'ombe Wako

Kahama,
Jumapili

Kaka yangu Luka,

Shikamoo. Kuna mlio mmoja haunitoki masikioni tangu mwezi uliopita: "ting", mdogo kama kijiko kikigonga glasi, halafu gari langu likanyamaza katikati ya barabara ya Buzwagi. Lakini niambie kwanza hali yako huko Geita. Kifua je, vumbi la shimoni limekiacha? Mimi mwili ni mzima. Baba na mama hawajambo, na tumbaku imekubali. Najua unahesabu siku kufika Jumamosi ijayo, wazee wa kina Eunice watakapokuja kutazama ng'ombe wako wa mahari. Naandika kwa sababu ya siku hiyo. Sikupiga simu, ungesema hakuna neno, mdogo wangu, nami ningejificha nyuma ya neno hilo.

Kwa miaka miwili nilifika kazini kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi, na wakandarasi ninaowakagua wakiniita Dada Helmeti. Mji huu mtu husikilizwa kuanzia kwenye tairi. Kwa hiyo Cornel, muuza magari, aliponionyesha gari la kifahari lililotumika, refu, jeusi, la petroli na la kuchaji umeme pia, nilihisi limeletwa kwa ajili yangu. Alisema kwa safari yangu fupi ya kila siku nitasahau kituo cha mafuta. Nitalichomeka ukutani kama simu.

Siku ya kulikagua, umeme ulikuwa umekatika. Gari liliwaka kwa petroli, likaenda vizuri. Betri kubwa ilisoma sifuri. Cornel akasema imelala tu, ikichajiwa itaamka. Kaka, mimi mwenye digrii niliona aibu kusema tusubiri umeme urudi. Sikutaka anione mshamba. Nikaitikia kwa kichwa kama mjuzi.

Haikuamka. Gari likanywa petroli kuliko fuso, mpaka siku ya ule mlio. Fundi Onesmo alifungua nyuma, akaona nyaya nene za rangi ya chungwa, akarudisha mkono haraka. "Dada Juliana," akasema, "mimi fundi wa injini. Hii ni TANESCO yenye matairi." Nikauliza betri nyingine Dar es Salaam. Bei yake inalizidi gari lenyewe.

Sasa nimefika ninapoogopa. Mkopo wa kazini haukutosha. Nilijazia kwa ng'ombe ishirini walioletwa na kina Marselino, mchumba wangu, kwa mahari yangu. Najua, kama kila mtoto wa Kisukuma ajuavyo, kwamba ng'ombe walioingia kwa dada ndio wanaotoka kumwoza kaka. Walikuwa mali yako na ya Eunice. Wewe uliyeacha shule kidato cha pili ili ada initoshe mimi, umewangoja miaka minne.

Baba alikataa kuuza hata mmoja bila neno lako. Nikatoka na simu, nikasimama nyuma ya bani la kukaushia tumbaku kwa muda ambao mazungumzo yetu yangechukua, nikarudi nikamwambia umekubali. Akashukuru, "Wabeja, una kaka mwema." Siku ile nililala vizuri. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Juzi nimeliuza gari kwa Cornel huyohuyo, kwa bei ya vipuri. Nimepata ng'ombe wanane mnadani. Jana niliwapakia kwenye fuso hadi Ushetu, nikampitia baba, nikawaswaga mwenyewe mpaka kwa baba yake Eunice. Mbele ya wote wawili nilikiri uongo wangu wote. Baba alitazama chini. Baba yake Eunice aliwazunguka ng'ombe taratibu, akaniuliza hao kumi na wawili waliobaki wana pembe au wana matairi. Hakusema ndiyo, ila hakuwatoa zizini. Eunice alisimama mlangoni, hakunisalimu.

Nisalimie wenzako wa shimoni, na mama Apolonia anayewapikia. Mama anakusalimu, yeye bado hajui. Salamu za Marselino sina. Leo baada ya misa nimekwenda kwa paroko nikafuta tarehe yetu ya Desemba, kisha nikamwambia Marselino kwamba sitasimama altareni kabla yako. Ameondoka, nami nimekaa kukuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Juliana