Mashambulizi ya Black Rock

Dada Furaha, pokea salamu za Buffalo. Natangaza rasmi: njia ya kutoka mtaa wetu wa Black Rock hadi kwa wakwe, East Side, imetekwa bila damu. Leo kaka Bahati alipaswa kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, na theluji ilikuwa imefunga barabara. Nikampa somo la vita vya mahandaki nililojisomea: makombora yakitangulia, askari wayafuate karibu karibu, wakichelewa, adui ameshainuka tena.

“Bon, makombora yetu iko wapi?” Bahati akauliza.

“Ni ile katapila ya kusukuma theluji!” nikamwonyesha barabarani.

Tuliifuata mkiani, njia ikijifunga nyuma yetu, tukafika tai ya Bahati ikiwa bado imenyooka shingoni. Wakwe wametulisha sombe, yale majani ya muhogo, tukashiba. Mungu awatunze huko Louisville. Kumbe utambulisho wenyewe wakwe walikuwa wameshausogeza hadi Jumapili kwa ajili ya theluji.