Mistari Miwili ya Mama Pudini

Mpendwa Shangazi Winifred,

Naomba msaada wako, na naomba usikawie, maana mazoezi yameshaanza na mimi nimebaki kama mtu aliyeshika sufuria ya moto na hajui pa kuitua.

Mume wangu ni mwigizaji, na nikimtaja utadhani nakutania, kwa sababu nchi nzima inamjua, ndiye yule inspekta mfuga njiwa aliyekuwa kwenye runinga kila Jumapili jioni, miaka ile watu walipokuwa wakila sahani zikiwa magotini ili wasimkose, na mpaka leo hatuwezi kununua samaki na chipsi bila mtu kumpigia saluti na kumuuliza, "Inspekta, njiwa hawajambo?" Lakini mimi nilimjua kabla ya hao njiwa, Shangazi. Nilimjua akiwa miguu ya nyuma ya ng'ombe wa kitambaa, yule anayevaliwa na watu wawili jukwaani.

Sifanyi mzaha. Ulikuwa mchezo wa Krismasi katika ukumbi wetu hapa Cleethorpes, yeye kijana aliyetoka kupasua barafu ya samaki bandarini Grimsby, akapewa nusu ya nyuma ya ng'ombe, ameinama humo gizani mchezo mzima, na mimi nilikuwa mcheza dansi wa safu ya mwisho, na kila ng'ombe alipopita karibu yangu ile miguu ya nyuma ilipiga hatua moja ya dansi ambayo haikuwemo, watoto wakaangua kicheko, mwongozaji akafoka, na mimi nikaipenda miguu kabla sijaiona sura. Tulikuwa tunakula chipsi nje ya mlango wa nyuma wa ukumbi na rangi zetu bado usoni, siki imelowesha gazeti, upepo wa bahari unatukata masikio, na sijawahi kuwa na furaha kama ile tena, hata siku alipopewa tuzo London na mimi nikavaa hereni za kuazima.

Baadaye akavaa gauni. Yule Mama wa mchezo wa Krismasi ni mwanamume siku zote, hilo unalijua, na Mama Pudini wake alikuwa na matiti ya mito ya kulalia na wigi lililokaa kichwani kama kuku anayeatamia, na alipokwisha kuwa mtu mkubwa wakubwa wa runinga wakamwambia si heshima inspekta kuonekana amevaa sidiria, na kila Desemba alirudi nyumbani akavaa sidiria. Watoto wanampigia kelele, "Nyuma yako! Nyuma yako!", mzimu umesimama mgongoni pake, anageuka polepole, mzimu umeshajificha, hakuna mtu, na ukumbi unataka kupasuka. Ee Shangazi, ningepewa usiku mmoja tu wa kurudi kule.

Sasa anasahau. Sizungumzii funguo, funguo hata mimi nasahau. Majira ya kuchipua mama mmoja dukani alimuuliza habari za njiwa, akajibu vizuri kama kawaida yake, tukarudi nyumbani, na nikamkuta bustanini anahangaika nyuma ya ghala. "Beryl," akasema, "banda umelihamishia wapi? Njiwa watakufa njaa." Hatujawahi kufuga hata shomoro. Daktari ametupa jina la ugonjwa, akasema mambo ya zamani yatakaa naye zaidi kuliko ya jana.

Katikati ya hayo paa la ukumbi limekwisha kutengenezwa, unafunguliwa tena baada ya kufungwa muda mrefu, na wamemwomba Mama Pudini arudi kwa mara ya mwisho, naye akakubali kwa simu mimi nikiwa bafuni. Hawajui kwamba anaumwa. Binti yetu Hilary alikuja mbio kutoka Leeds, akanifokea jikoni. "Mama, utamwacha baba akachekwe?"

"Kuchekwa ndiyo kazi yake," nikamwambia.

"Usijifanye hunielewi. Watamrekodi kwa simu. Watu watamkumbuka hivyo, na njiwa wote watafutika."

Nami naogopa hilo hilo. Maneno ya zamani ya Mama Pudini anayo yote, anayasema huku akinyoa ndevu, lakini kinachoninyima usingizi ni mistari miwili ya mwisho, ile ya vina ambayo Mama anawaagia watu kabla pazia halijashuka. Aliitunga mwenyewe na hajawahi kuibadilisha. Na wewe unajua mwiko wetu watu wa jukwaani, mistari hiyo haisemwi kwenye mazoezi, haisemwi popote, mpaka usiku wa kwanza mbele ya watu, la sivyo mchezo unaingia nuksi. Kwa hiyo kila mazoezi yanaishia hapo hapo, anafunga mdomo, anainamisha kichwa, basi. Mimi sijui, Shangazi, kama anaheshimu mwiko au kama hakuna kitu tena. Nimemtega. Juzi nikimmiminia chai nikasema, "Des, mpenzi, ule mwisho wako unasemaje vile? Umenitoka kabisa."

Akacheka. "Unataka kutuua sote, mwanamke? Miaka yote hii jukwaani hujajifunza kufunga mdomo?" Halafu akatazama dirishani kwa muda, na kicheko kikamtoka usoni.

Mistari hiyo naijua, nimeisikia kando ya pazia kila mwaka, na hata wewe siwezi kukuandikia. Nimzuie? Au nimwache aende mbele ya mji mzima akasimame pale mwishoni akiwa mtupu?

Mke wa Miguu ya Nyuma

SHANGAZI WINIFRED ANAJIBU:

Mke wa Miguu, kabla ya kuichapa barua yako gazetini majina yenu nimeyabadilisha na mji nimeuhamisha, kwa hiyo watu wa Cleethorpes watulie, wasianze kuhesabu waume za watu.

Pole, mama. Pole ya kweli. Mimi ni mmoja wa wale waliokula sahani ikiwa magotini, na marehemu mume wangu alikuwa haruhusiwi hata kukohoa mpaka muuaji akamatwe. Barua yako imeniliza kwenye treni, na mtu wa pembeni akanipa leso yake.

Sasa nikugombeze kidogo. Acha kumtega. Mtu amekuwa jukwaani maisha yake yote, unadhani hajui akifanyiwa jaribio juu ya kikombe cha chai? Alijua. Ndiyo maana alitazama dirishani. Na barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomuuliza Des mwenyewe anataka nini endapo maneno yatamkimbia, sikupaona. Umemuuliza daktari, umebishana na binti, umeniuliza mimi nisiyewahi kuvaa hata ngozi ya mbuzi. Muulize yeye. Asubuhi, akiwa ametulia, na umwambie wazi kwamba unaogopa. Inawezekana anaogopa kuliko wewe, na mwaka huu huo mwiko umemfaa kujifichia.

La pili, mwambieni mwongozaji wiki hii hii. Wenzake watakuwa naye pale juu kwenye taa, ni haki yao kujua. Asibebe msimu mzima, acheze usiku wa kwanza na maonyesho machache ya mchana, mwingine amalizie. Hilary mpe kiti cha mbele na umwambie kwamba watu waliompenda baba yake tangu utotoni wao hawatakuja pale kumvizia.

Usimzuie. Ukimweka nyumbani Desemba hii ataitumia yote kutafuta banda la njiwa.

Mistari miwili? Mwiko unakataza isisemwe kabla ya usiku wa kwanza. Haukusema isemwe na nani. Mwombe mwongozaji akurudishe safu ya mwisho katika dansi ya kufungia, na usiniletee habari za magoti, pale mnasimama tu na kutabasamu. Tafuta viatu vyako. Akiisema mwenyewe, piga makofi pamoja na wengine. Akinyamaza, piga hatua moja mbele na uanze wewe mstari wa kwanza, huenda akaudaka wa pili.

Miaka yote watoto wamempigia kelele, "Nyuma yako!", naye akageuka akakuta hakuna mtu. Safari hii akigeuka, akukute.