Injinia chini ya zege la juzi

Shosti, acha kila kitu unachofanya. Shemeji yangu Injinia, aliyemaliza chuo juzijuzi tu, leo nusura ajizike mwenyewe kazini!

Nimepeleka chai ya mafundi pale wanapojenga, nikamkuta kavaa kofia nyeupe, kifua mbele, anaamuru miti inayoshikilia sakafu ya ghorofa itolewe. Zege limemwagwa juzi. JUZI!

Fundi mkuu, mama mmoja wa makamo, akamwambia, "Mwanangu, hili bado bichi." Akajibu, "Mama, hapa msomi ni nani?"

Shosti, msomi ni nani!

Mama wala hakugomba. Akampa nyundo. "Haya bosi, anza wewe. Sisi tutakuangalia kutoka ng'ambo ya barabara." Mafundi wote wakavuka, vikombe mkononi, na mimi nyuma yao.

Injinia kabaki peke yake chini ya zege. Akagonga mti mmoja. Kitu kikalia kwaa! Nyundo chini.

Na nani anaingia? Meneja. Moyo wangu paa, maana shemeji bado yuko kwenye miezi ya majaribio, na akifukuzwa anarudi kulala kwenye kochi langu.

"Unafanya nini huko chini?"

Msomi akainama kuokota nyundo.

Mama akajibu kwa niaba yake, "Anatuonyesha jinsi isivyofanywa, mkubwa."

Na yeye akaitikia, shosti! Kwa kisauti cha mtoto aliyekojoa kitandani: "Ndiyo, nawaonyesha."