Joto la Maji Penye Boya

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia kutoka kaburini, lakini sikuzoea kuanza kusema na wewe bila salamu. Nakuandikia kutoka Kigoma, mbali na Singida yetu, kwenye hoteli moja iliyo ufukweni mwa ziwa. Niliishia darasa la tano, unajua mwenyewe, kwa hiyo univumilie.

Unakikumbuka kisima ulichochimba karibu na shule? Mimi ndiye niliyekuwa nashika kamba. Kabla ya mtu kushuka uliteremsha kwanza koroboi, tukaitazama mpaka chini. Moto ukizimika, hakuna anayeingia. Siku ile haukuzimika, ukaniambia nishuke mimi kwa kuwa kifua kilikuwa kinakubana. Nikasema naumwa tumbo. Ulinitazama kidogo, kisha ukajifunga kamba mwenyewe. Nilikudanganya, baba. Niliogopa maji.

Na mtu huyo huyo ndiye aliyekuja kupewa kazi ya maji. Hapa nafagia mchanga, napanga viti, na kila asubuhi napima joto la ziwa kwa kipimajoto chenye kamba, halafu naandika kwa chaki ubaoni ili wageni wajue maji ya kuogelea yakoje. Waliponiajiri waliuliza kama najua kuogelea. Nikasema ndiyo. Basi miezi saba nilipima maji ya magotini. Nasubiri jua lipande, naingia hatua nne, nasoma, naandika. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Wageni wakafurahi, meneja akafurahi.

Lakini ziwa hili si bwawa. Ukishafika maji ya kifuani, ardhi inakatika ghafla, na upepo wa kusini ukivuma siku mbili tatu, maji ya baridi ya chini yanapanda juu. Aliyesimama magotini hajui lolote. Mwezi uliopita mama mmoja wa mtaa wa Mwanga, hapa hapa mjini, alikuja na watoto wake, akasoma ubao wangu, akajirusha kutoka gatini. Baridi ikamkaza miguu. Alizama mara mbili. Aliyemtoa ni Zuhura, mwosha vyombo wetu, mzaliwa wa Ujiji, aliyeruka na aproni yake ya jikoni. Mimi nilisimama na fagio mkononi, na wale watoto wananitazama.

Ulikuwa ukisema, "Usimpeleke mtu mahali usipopajua." Jioni ile nilikwenda kwa meneja nikamweleza yote: sijui kuogelea, na namba zangu zote ni za magotini. Akanipa wiki tatu. Niogelee mpaka kwenye boya linaloelea kwenye kina na kupimia kule, au nifunge mzigo wangu.

Zuhura alikubali kunifundisha, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya vyombo. Hana huruma yule mama. Anasimama majini na khanga zake, ananicheka mpaka wavuvi wanaorudi na dagaa wanageuza shingo.

"Mnyaturu, mbona unayapiga maji? Yamekukosea nini?"

Nikamwambia mtu wa miaka arobaini na moja hafundishiki. Akajibu kwamba wanawe walijua haya kabla ya kujua kuvaa suruali, na kwamba nikizama atasema kwetu nilizama kwa uvivu. Kulala tu juu ya maji kulinichukua siku tisa. Nimekunywa ziwa hili zaidi ya ng'ombe wako wote.

Jumatatu nilifika. Vibaya, kwa kukohoa, lakini nilifika. Nilikumbatia boya, nikateremsha kipimajoto urefu wa mtu, nikahesabu mpaka mia. Ishirini na tatu. Niliporudi nilipima magotini pia, nijue tu. Ishirini na saba. Nikaandika ishirini na tatu na kupandisha bendera nyekundu.

Meneja akatoka mbio. Mchana lilikuwa linakuja basi la watu wa harusi, akaniomba niandike hata ishirini na tano.

Nikamwambia, "Bosi, hiyo sikuikuta majini. Kama wewe umeiona, nioneshe ilipo."

Jikoni Zuhura aliangua kicheko, sahani zikagongana. Meneja aliutazama ubao, akanitazama mimi niliyekuwa nachuruzika maji, akaondoka. Sikujua kama bado nina kazi.

Watu wa harusi walinung'unika. Bwana harusi aliniuliza ziwa limefungwa na nani. Nikamwambia ni mimi. Walicheza pembezoni, wakarushiana maji, hakuna aliyevuka kamba niliyoifunga kuzuia njia ya kwenye kina. Jioni niliwahesabu wakipanda basi, wote walikuwepo. Kesho yake meneja aliniletea chaki mpya.

Mikono inaniuma, baba, na bado naogopa kila ninapofika pale ardhi inapokatika. Sitakwambia uongo mwingine. Lakini namba ya leo haimsaidii atakayeingia majini kesho. Upepo unageuka. Lazima mtu aende kule aifuate nyingine, na mtu huyo ni mimi.

Pumzika. Asubuhi naingia tena.

Ni mimi, mwanao wa tatu.