Ubeti wa Mia Mbili na Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Februari

Sunneva kaja asubuhi kaikumbatia laptop yake kama mwanakondoo aliyeokotwa kwenye theluji. Na imevaa sweta! Sweta kweli — sufu ya kijivu, nyota nyeupe mgongoni, matundu ya waya, kioo na vitufe yameachwa kwa vipimo. Kamaliza kuifuma jana.

"Shemeji," akasema, "imelala na haitaki kuamka."

Nikamwambia mimi ni fundi wa injini za meli, tena mstaafu. Akanikumbusha kompyuta ya kanisa. Kweli, ile niliitengeneza: nilichomeka waya uliokuwa umechomoka. Tangu siku hiyo kijiji kizima kinaniita mtaalamu, na mimi sijamsahihisha mtu.

Kioo cheusi kabisa. Lakini pembeni kuna kitaa kidogo. Kinawaka, kinafifia, kinawaka. Taratibu. Nikahesabu: mara kumi na mbili kwa dakika. Kama mtu aliyelala vizuri. Nimekaa na injini miaka thelathini na moja, sijawahi kuona mashine inayopumua!

Nikabonyeza kitufe. Feni ikavuta pumzi, kitaa kikakaza mwanga — halafu basi, usingizi tena. Nikasema tuizime kwa nguvu, tukishikilie kitufe mpaka ife, kisha tuiwashe upya. Sunneva akanidaka mkono. Ana mkono mzito, yule.

Kumbe mna kitu ndani. Shangazi yake Elspa, miaka tisini na moja, kamwimbia Jumapili tatu mfululizo utenzi wa kijiji chetu, ule wa mashua iliyotoka na watu saba ikarudi na wanane. Haujaandikwa popote. Mara ya mwisho kuuimba wote kwenye ngoma yetu ya duara ilikuwa mwaka 1979, mimi nikiwa baharini. Waliokuwepo wamekufa, au wanabishana. Sisi wengine tunajua kiitikio na kukanyaga. Sunneva kaandika beti mia mbili na kumi na moja. Ule wa mwisho, wa mia mbili na kumi na mbili, kafika nusu, ndipo giza.

"Na hukuhifadhi?"

"Nihifadhi nini? Nikiifunika, nikija kuifunua, yote yamo."

"Hata mara moja?"

"Wewe ukienda kulala, shemeji, akili yako huwa unaihifadhi wapi kwanza?"

Nikaiweka mezani kwangu, nikaenda kutafuta miwani.

Jumanne, 4 Februari

Nimesoma habari za kompyuta siku nzima. Macho yanawasha. Nimejaribu chaja nyingine, nimeiunganisha na televisheni, nimebonyeza kila kitufe na jirani yake. Inashtuka, inalala.

Lakini hiki nilichokisoma! Mashine ikilala, maneno yake hayajaandikwa mahali. Hayana wino wala jiwe. Yanashikiliwa pale yalipo na umeme mwembamba, mwembamba, unaopita bila kukoma. Ukikatika kidogo tu — hayapo. Hayakuwahi kuwapo. Mashua nzima na watu wake wanane wamesimama juu ya uzi! Nimeketi nikaitazama mpaka chai ikapoa.

Tummas wa posta kapita na barua, kachungulia. "Unatafuta propela?"

"Natafuta akili."

"Kwenye hiyo au kwako?"

Nimemnyima keki.

Jumatano, 5 Februari

Nimejiona mjanja. Kwa nini nihangaike na mashine, na mwenye utenzi yuko hai kilomita mbili kutoka hapa? Nikaenda nyumba ya wazee na daftari.

Elspa alikuwa dirishani, anamenya chungwa. Nikamwomba aimbe tena, taratibu, niandike.

"Si nimeshampa Sunneva? Kitu ukishampa mtu, unaendelea kukishika wewe?"

"Sunneva kakiweka vibaya kidogo, mama."

Akacheka. Akaanza. Sauti ndogo lakini imenyooka. Ubeti wa kumi, wa ishirini. Wa thelathini na moja — akasimama. Nikangoja. Akatazama chungwa. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Nikamwambia. Akasema alimfahamu baba yangu, alikuwa hajui kucheza. Ni kweli. Nikamwuliza tena habari ya mashua. "Mashua gani?"

Nimerudi kwa miguu, upepo usoni. Basi utenzi uko mahali pamoja tu duniani. Mezani kwangu, katika sweta.

Na Jumamosi mchana wanacheza ngoma kwa ajili ya Elspa, palepale kwa wazee. Sunneva ndiye kiongozi wa wimbo. Ameshamwambia kila mtu kwamba safari hii wataimba wote, hadi mwisho. Kila mtu!

Alhamisi, 6 Februari

Dhoruba. Feri haikuja. Saa nane na dakika kumi mchana umeme ukakatika kijiji kizima.

Sunneva alikuwa hapa, na makoti mawili. Betri ya laptop ni kuukuu. Mwenyewe anasema inakwisha kabla hajafuma hata mkono mmoja wa sweta. Tukakaa tunakitazama kitaa. Kinawaka, kinafifia. Nilijikuta napumua nacho.

Saa tisa na nusu nikataka kusoma kibandiko cha betri, kuona kama ile ya laptop ya Tummas ingeweza kuunganishwa pembeni kabla hii haijaisha. Kibandiko kiko tumboni. Ili nikione lazima niivue sweta. Na hapa kwetu mtu havui nguo aliyofumiwa mbele ya aliyemfumia! Mimi nina sweta tatu za Sunneva. Moja inanikaba shingo tangu mwaka 2009, na nimeivaa leo.

Nikamwambia naona kama nasikia banda lake la kuku likigonga. Sikusikia kitu. Akatoka mbio.

Sweta hiyo haina vifungo. Vidole vya Sunneva vina baridi yabisi, kwa hiyo kashonea sumaku mbili, moja kila upande wa ukanda unaopita kwenye kona ya kushoto ya mashine. Zinashikana zenyewe. Nikauvuta ukanda —

Mwanga!

Nilirudi nyuma nikagonga kabati. Kioo cheupe, maneno yamejaa, kimshale kinapepesa nusu ya mstari. Yote yamo!

Nikausogeza ukanda pale kwenye kona. Giza. Nikauondoa. Mwanga. Nikaelewa. Mashine haina macho. Inajua imefunikwa kwa sababu kwenye mfuniko kuna kisumaku, na kwenye kona chini kuna kitu cha kukihisi. Sunneva alipoivalisha Jumapili, katikati ya ubeti, akafunga ukanda, mashine ikasikia: usiku. Siku nne imekaa wazi mbele yetu ikiamini imefunikwa. Kila tulipoiamsha iliamka kweli, ikajihisi gizani, ikarudi kulala. Kwa utii kabisa! Na muda wote huo haikudondosha hata neno moja.

Nikairudia tena. Mtu mzima wa miaka sitini na minane, anacheza! Ndipo nikaona betri: asilimia tatu.

Flashi. Iko wapi flashi? Kwenye kopo la misumari. Mashine ikaniuliza faili liitwe nani. Nikaandika Elspa. Nikahifadhi, nikahifadhi tena, nikachomoa. Dakika mbili baadaye kioo kikafa. Kitaa nacho. Hakikupumua tena.

Nilivua kofia. Hakuna aliyeniona.

Sunneva akarudi, kalowa. "Banda ni zima! Na yenyewe?"

"Imekufa," nikasema, nikampa flashi. "Lakini imeacha wosia."

Alikaa kwenye kiti bila kuvua koti. Akauliza ilikuwa na nini.

"Ilikuwa imekabwa."

"Na nini?"

"Unyevu," nikasema, huku nikivuta kola yangu.

Ijumaa, 7 Februari

Umeme umerudi. Mashine imeamka kama mtoto, haina kinyongo. Sumaku zimo mfukoni mwangu. Nimemwambia Sunneva zilidondoka katika hekaheka. Kasema atashona nyingine, zenye nguvu zaidi. Lazima nimwambie. Kesho, baada ya ngoma.

Nimesoma beti zote. Sikujua kijiji hiki kina kitu kama hiki. Ubeti wa mwisho unaishia hapa: "Na yule wa nane akageuka, akasema —"

Sunneva hakumbuki. Alikuwa anafunga sweta.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika kwenye karatasi za kuchujia kahawa, jikoni kwa wazee. Nilitoka kumchukulia Elspa maji. Sijarudi. Sitaki kuingia katikati ya wimbo miguu yangu ikakosea hatua.

Duara limejaa ukumbi, watu hamsini wameshikana mikono, kiti cha Elspa kimo ndani ya mnyororo kama mchezaji mwingine. Sunneva mbele na karatasi zake. Ubeti wa thelathini na mbili nilimtazama Elspa. Alikuwa anaimba! Wa mia, anaimba. Wa mia na themanini, anamtangulia Sunneva mwenye karatasi. Tummas kasahau kunitania.

Wakafika. "Na yule wa nane akageuka, akasema —"

Sunneva akanyamaza. Elspa naye akanyamaza. Macho kafumba.

Lakini miguu haijasimama. Kwetu miguu husimama wimbo ukiisha, na wimbo haujaisha. Hatua mbili kushoto, moja kulia. Duara linazunguka bila sauti ya mtu, sakafu tu, mizunguko minne sasa. Vikombe vinatetemeka kabatini. Kutoka hapa mlangoni namwona Elspa kifua kikipanda, kikishuka. Nimehesabu. Taratibu sana, kama kile kitaa.

Mwuguzi kanyoosha mkono kumgusa Elspa bega. Sunneva kamzuia kwa kutikisa kichwa.

Tummas kanigeukia kutoka kwenye mnyororo, ananong'ona: "Fundi! Midomo yake inacheza!"

Mzunguko wa tano. Hatua mbili kushoto —