Gari Inayolala Mteremkoni

Jumatatu, 3 Machi

Samahani, kitabu changu. Tangu Krismasi sijakuandikia neno. Si uvivu. Ni mtoto wa kunyonya, ni kabichi zangu za kuuza, ni hii pikapu. Hata sasa Nafula amelalia mkono wangu wa kushoto, kwa hivyo mwandiko utakuwa wa kuku.

Leo kama kila siku. Brian nimemwacha kwa Mama Hawa, jirani, atampeleka shule na wake. Mimi na Nafula kwa gari, kungoja wanaume watoke msikitini. Naegesha hapo juu kando ya msikiti makusudi, gari ikitazama chini, jiwe chini ya tairi, lakini mteremko ni mdogo, bila msukumo haishiki. Ufunguo hauwashi kitu. Nikizungusha, stata inasema tk. Tk moja, halafu kimya.

Ni Ramadhani, alfajiri watu ni wengi. Hawaulizi tena. Wanakunja kanzu, wanasukuma. Mzee Idi, yule muuza viatu, akaniambia, "Mama Brian, mwaka huu thawabu zetu zote zimetoka kwa matako ya hii gari."

Wakacheka. Nikacheka. Nikaachilia klachi, ikashika. Aibu ilinipata baadaye, nikishuka barabara ya Bungoma na Nafula tu.

Jumatano, 5 Machi

Mume wangu Simiyu amepiga simu kutoka Lodwar, kule kwa kazi yake ya ujenzi. Akauliza watoto, halafu akauliza watoto tena. Nikajua kuna kitu.

Mdogo wake, Wafula, amepata mtu anayetaka pikapu aikatekate, auze vyuma na injini. Mama mkwe amekubali. Gari ilikuwa ya marehemu baba yao, kwa hivyo neno lake ndilo neno. Mtu huyo anakuja kwao Sirisia kuiona Jumapili ya tarehe kumi na sita. Na bila gari, Simiyu anasema, nyumba ya Kitale ni ya nini? Nifunge, nichukue watoto, nikae na mama Sirisia mpaka yeye arudi.

Sikupiga kelele. Nilimwambia, "Baba Brian, ikiwaka kwa ufunguo Jumapili hiyo, haiuzwi."

Akasema sawa.

Sina ubaya na mama mkwe. Lakini hapa Kitale ndipo nilipozaliwa, baada ya wazazi wangu kuhama Nyeri. Wateja wangu ni wangu. Kule nitakuwa bibi ya mtu anayengoja simu, na Kibukusu chao kinywani mwangu bado kinawachekesha watoto. Nina hasira. Nimefua nepi zote, hata zilizokuwa safi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempelekea gari Fundi Swaleh, pale nyuma ya kituo cha mafuta. Amefunga saumu, midomo imekauka, na bado anaongea kuliko wote. Akasema kwanza betri. Akaifungua, akasugua ncha zake zikang'aa, akaiweka kwa chaji mpaka alasiri. Akairudisha. Nikazungusha.

Tk.

Akaniambia niwashe taa kubwa, nizungushe tena. Taa zikabaki vilevile, kali, hata hazikufifia. Akakuna kichwa. Betri ni nzima, akasema. Kwa hivyo ni stata. Nirudi kesho.

Nilisukumwa ikashika, nikarudi nyumbani. Nafula ana homa kidogo ya meno.

Jumamosi, 8 Machi

Stata imetoka. Nzito kama mtungi wa gesi. Swaleh akaifungua, akanionyesha kaboni zilivyoisha, akaweka nyingine. Akaiweka sakafuni, akaikanyaga kwa mguu, akaiunganisha kwa betri kwa waya. Ikaruka. Ilizunguka kama mwendawazimu, nusura imtoke mguuni. Nikapiga makofi kama mtoto.

Tukairudisha ndani. Nikazungusha. Ikanguruma kidogo, ikaamka!

Nimeendesha nyumbani nikiimba. Lakini nimeegesha mteremkoni. Siiamini bado.

Jumatatu, 10 Machi

Tk.

Sina la kuandika.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya. Niandike yote.

Nilikuwa nimebeba kabichi za wateja wa Myanga. Nikifika Matulo Nafula akatapika kifua changu chote. Nikasimama. Mimi nasimama mahali penye mteremko tu, siku zote, hata nikitaka kununua maji. Lakini mtoto alikuwa anakohoa, sikuangalia. Mguu ukateleza kwa klachi, injini ikafa. Barabara tambarare kama meza.

Nikavuta choki, ile ya kuamsha injini baridi, nikazungusha ufunguo. Tk. Tena. Tk. Mkono wangu mmoja ulikuwa bado umeshika choki. Ikaniunguza. Nilidhani nimeota. Nikagusa tena. Moto, kama mfuniko wa sufuria. Na harufu ya plastiki. Injini ilikuwa imezima, sasa joto linatoka wapi?

Akina mama watatu walikuwa wanatoka shamba na majembe. Hawakusubiri niwaombe. Mkubwa wao akaweka jembe chini, akasema, "Dada, keti na mtoto wako, sisi tusukume. Lakini ukitupulizia moshi, tutakukumbuka kwa jina."

Ilishika. Niliwapigia honi. Nililia mpaka Bungoma, si kwa huzuni, kwa uchovu tu. Kabichi zilifika zimelegea.

Hiyo choki inanisumbua akilini. Naiona hata nikipika ugali.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia Swaleh choki iliunguza mkono wangu. Akacheka. Ati choki ni kamba ya chuma tu, haina umeme, labda mama umechoka. Ni kweli nimechoka. Lakini kidole kina lengelenge. Nikamwekea mbele ya macho. Nikamwambia, "Swaleh, hii sikuichora."

Akaacha mzaha, mara ya kwanza tangu nimjue. Akaniambia nizungushe ufunguo huku yeye ameshika choki. Tk. Akatoa mkono haraka. Akaenda kuchukua ule waya mrefu wa kuazimana umeme, akabana ncha moja kwa bodi, nyingine kwa chuma cha injini. Akaniashiria.

Ikaamka. Mara moja. Kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia tangu niolewe. Nafula akaanza kulia kwa mshtuko.

Akanielezea, nami nimeelewa hivi. Umeme ukitoka betri uende stata, lazima urudi. Unarudi kwa waya mfupi mpana unaofunga injini kwa bodi. Ukikosa njia hapo, unatafuta nyingine yoyote, na ulikuwa unapita kwa choki, njia nyembamba, ndiyo maana inaungua. Betri nzima, stata nzima. Njia ya kurudi ndiyo imefungwa.

Akaingia chini. Akatoka na uso wa kushangaa. "Nani aliwapakia rangi huku?"

Najua nani. Desemba, tulipopeleka mahari ya Wafula huko Myanga. Mjomba wa bibi harusi ni dereva wa lori, na sifa yake ni kufungua boneti za wageni aone kama ni watu wasafi. Wafula hakulala. Alifungua nyaya, akapuliza buluu kila mahali, nje, chini ya boneti, mpaka pale waya unapokaa, halafu akaufunga juu ya rangi. Mjomba alifungua boneti kweli. Alisifu sana. Kila kilichokuwa chini yake kiling'aa, na tangu wiki ile tunasukuma.

Swaleh amekwangua rangi kwa msasa mpaka chuma cheupe, akafunga tena. Waya wenyewe umekatikakatika nusu, anasema utanifikisha lakini nitafute mwingine. Imewaka. Ikazimwa. Imewaka.

Ijumaa, 14 Machi

Naiwasha. Naizima. Naiwasha. Mama Hawa ametoa kichwa dirishani akauliza kama naifundisha kusoma. Swaleh ameniambia nikiendelea hivi stata itakufa kweli.

Bado nimeegesha mteremkoni. Mguu hautaki kupeleka gari kwingine. Jana nilijaribu kuiacha pale tambarare mbele ya nyumba, nikaingia, nikatoka, nikaipeleka tena juu. Nimejidharau kidogo.

Jumamosi, 15 Machi

Watoto wameoga. Nguo ziko tayari. Sijamwambia Simiyu kitu. Kama itakataa kesho, asikie kutoka kwao.

Usingizi hakuna.

Jumapili, 16 Machi

Sirisia. Tumefika wakitoka kanisani. Mnunuzi alikuwa ameketi tayari, chai mkononi, kijana wa simu mbili. Wafula amesimama langoni, akanionyesha mahali pa kawaida, pale mteremko unaanza. Ndipo gari hii hulala ikija nyumbani, kila mtu anajua.

Nikampita. Nikaenda mpaka katikati ya uwanja, mbele ya mlango wa mama, pale wanapoanika mahindi. Tambarare. Nikazima.

Wafula akashika kiuno. "Sasa shemeji, hapo nani atakusukuma? Mimi niko na suti, bana."

Nikataka kugeuza ufunguo. Mama mkwe akawa amefika mlangoni mwa gari. Hajawahi kuendesha hata baiskeli. Akasema, "Toka. Nipe."

Nikaweka gia huru, nikavuta breki, nikatoka. Akapanda pole pole, akakalisha rinda lake vizuri, akashika usukani kwa mkono mmoja kama anayeshika bega la mtu. Nikamwonyesha aelekeze wapi. Akazungusha.

Ikaamka.

Hakuutoa mkono haraka. Aliketi hapo akiisikiliza. Brian akaanza kurukaruka. Mama akamwangalia yule mnunuzi kupitia kioo, akasema, "Kijana, maliza chai. Hii gari iko na kazi."

Halafu akazima, akawasha tena, yeye mwenyewe, bila kuambiwa. Nikageuka upande wa migomba nipanguse uso.

Wafula alitaka kujua ilikuwa nini. Watu walikuwa wengi, na ulimi wangu ulikuwa tayari. Nikaurudisha. Nilimpeleka mbele ya gari, nikafungua boneti, nikamwonyesha kwa kidole pale palipokwanguliwa. Aliangalia sana. Alielewa bila mimi kusema. Akanong'ona, "Lakini si ilikuwa imependeza?"

Nikamwambia ilikuwa imependeza sana. Tulicheka mpaka mama akauliza. Hakuna aliyemwambia. Wafula ameahidi kunitafutia vitu vya gari Bungoma, anitumie kwa watu wanaopanda Kitale.

Jioni nikiaga, mama amenirudishia ufunguo, akakunja vidole vyangu juu yake. Ati uko mwingine, wa marehemu mzee wake. Aliuficha siku ya mazishi na hajawahi kumwonyesha mtu. Atautafuta.

Simiyu nimemwambia kwa simu njiani, nimesimama Matulo, palepale. Nilizima injini ndiyo nimsikie vizuri.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha. Udongo unanukia.

Nimeegesha mbele ya nyumba, tambarare, gari ikitazama ukuta. Alfajiri Mzee Idi na wenzake walisimama pale juu msikitini wakitafuta gari. Nikawapungia mkono, nikawasha. Mmoja akainua mikono kama aliyenyang'anywa kitu. Sikukuu ya Idi ikifika nitawapelekea kabichi.

Nafula ameota jino. Brian ameuliza kama jiwe la tairi sasa ni lake. Nimempa.

Ninachongoja kutumiwa bado, nisisahau nikiongea nao kesho:

Waya mpana wa injini na bodi, mpya, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko. Wafula.

Nati mbili na washa zake, zisizo na rangi. Wafula.

Kamba ya choki, ya zamani imeungua. Wafula akiipata, asipoipata, Simiyu aulize madereva wa Lodwar.

Na ufunguo wa mzee. Huo mama atautuma mwenyewe, akiwa tayari.