Binti Aliyekimbia na Simu Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Shauri: Madai ya wizi wa simu ya mkononi
Shahidi: Mama Vidole, kama anavyofahamika na wote mtaani
Umri: Miaka 46
Kazi: Msusi na mwenye saluni
Makazi: Chumba cha nyuma ya saluni yake, mkabala na duka la vyombo

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Kwanza iandikwe kwamba simu ni yangu, na mimi sijaibiwa. Afande ameniambia nianze mwanzo, basi naanza.

Mnamo Jumamosi tarehe 14, saa nne asubuhi, nilikuwa saluni namsuka binti mmoja ambaye ni mhasibu katika kampuni ya matangi ya maji. Ni mteja wangu tangu alipokuwa akiletwa na mama yake kwa kushikwa mkono. Siku hiyo hakutulia kitini. Alikuwa amefanya mtihani wa kuombea nafasi katika shule ya biashara, na alama zilikuwa zinatoka. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, nikampa yangu afungue barua pepe.

Akasoma, akailaza simu mapajani. Nikamuuliza, "Vipi, mwanangu?"

Akasema, "Mia sita hamsini na tano."

Nikapiga kigelegele, maana kwangu mimi mia sita ni nyingi. Akasema, "Mama, usishangilie. Kaka alipata mia saba."

Hapo nieleze. Kaka yake alifanya mtihani huo huo miaka mingi iliyopita, na hiyo mia saba imekuwa wimbo wa nyumba yao. Mgeni akija, anaambiwa kabla hajakaa. Binti aliwatangazia wote mezani kwamba atampita, wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Mwaka mzima amekuwa akisoma akitoka kazini. Nimemsuka mara nyingi kitabu kikiwa mapajani, midomo ikipiga hesabu. Sasa alikuwa analia, kichwa nusu kimesukwa nusu bado, na mimi mikono imejaa mafuta, siwezi hata kumfuta machozi.

Nikamwambia, "Mpigie umwambie mwenyewe. Asisikie kwa watu."

Akampigia kwa simu hiyo hiyo yangu, kwenye spika, nikasikia yote.

"Nimeshindwa, kaka. Mia sita hamsini na tano."

Kaka yake akauliza, "Pembeni yake kuna namba ndogo. Isome."

"Tisini na moja. Nilidhani ni namba ya kiti changu."

"Kiti gani, wewe! Sikiliza. Kipimo walishakibadilisha. Mia saba yangu ni ya zamani, ukiiweka na ya leo ni kama kulinganisha yadi na mita. Angalia hiyo ndogo. Maana yake katika kila watahiniwa mia, umewapita tisini na mmoja."

"Na wewe uliwapita wangapi?"

"Themanini na wanane."

Binti akauliza taratibu, "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo umenipita, mdogo wangu. Ningekuwa hapo ningekubeba mgongoni."

Sikuona alivyoinuka. Nilibaki nimeshika kitana. Alitoka peku, kitambaa cha saluni shingoni, simu mkononi, akipiga kelele, "Nimempita! Nimempita!" Mama yake anauza kwenye duka la rangi, ng'ambo ya mzunguko wa barabara, na akiwa kazini simu yake hukaa kwenye droo. Nilijua binti anakwenda huko. Lakini nilitoka mlangoni nikapaza sauti, "Simu! Simu yangu!" Nilikuwa na maana asije akaidondosha. Watu walielewa vingine.

Mlinzi wa duka la vyombo akamtimulia mbio. Fundi baiskeli akatupa gurudumu, naye akafuata. Muuza ndoo alijaribu kuwapisha, ndoo zake zikasambaa barabara nzima. Hakuna iliyovunjika, nimeulizia. Binti kuona umati nyuma yake alidhani wanashangilia, akazidi, "Nimempita!" Mlinzi akamjibu, "Mimi hunipiti!" Wakamkamata kwenye mzunguko, na askari wa barabarani akamleta hapa, mlinzi akifuatana nao.

Nilipofika kituoni nilimkuta kwenye benchi. Nilisema sijaibiwa, lakini afande alisema mtu ameshakamatwa, lazima afungue jalada la wizi. Binti akasema, "Shule inataka cheti cha polisi cha tabia njema. Nikiandikwa mwizi, alama hizi nazipeleka wapi?" Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni.

Simu ilikuwa mezani kama kielelezo. Kumbe kaka yake bado yuko hewani. Tukasikia, "Haloo? Jamani, mko wapi?"

Afande akaichukua. "Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyeshindwa."

Afande akamtaka aeleze. Akaeleza yote, yadi na mita, tisini na mmoja na themanini na wanane. Kabla hajamaliza, mama yake binti akaingia anahema, mikono imejaa rangi ya bluu. Muuza ndoo ndiye aliyempelekea habari.

Binti akasimama. "Mama, nimempita kaka."

"Umempita wapi? Kaka yako yuko hapa?"

"Kwenye mtihani, mama."

Sauti ikatoka kwenye simu, "Ni kweli, mama. Sasa wageni uwaambie habari zake."

Mama akamkumbatia binti yake, bluu ikaenea kwenye kitambaa changu. Sidai kitambaa. Mlinzi akasema, "Dada, samahani. Lakini mbio unazo." Mahabusu mmoja akapiga makofi, afande akamwacha apige.

Binti huyu hakuiba. Alifurahi, na simu yangu ilikuwa mkononi mwake, basi. Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake na kukubali kuwa ni sahihi. Simu imerudishwa kwa mwenyewe. Hakuna kosa, binti ameachiwa. Mama yake aliomba aelezwe tena maana ya ile namba ndogo, nikamweleza. Akaomba tena, kwa kuwa alipenda kuisikia, nikamweleza tena.